Uzio Mmoja Hautoshi

Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, kilomita za mraba 1,256, jirani kabisa na Singida. Ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa makumi ya maelfu wakaswagwa kwenda kwingine. Baada ya misimu michache ya mvua, nyasi na vichaka vikarudi kwenye vilima vya Irangi, na wengi wakasema mkosaji ni ng'ombe.

Ndugu zangu mnaopima malisho huku Singida, hapo ndipo nasi tunapoweza kuteleza. Dalili kwamba hitimisho hilo lilikuwa la haraka zilikuwa wazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, ukachimba makinga maji na kupanda miti kabla mifugo haijaondoka. Je, nyasi zililetwa na kipi? Tena, mifugo ile haikutoweka. Ilikwenda kulisha kwa majirani, kwa hiyo anayelinganisha ndani na nje ya mpaka analinganisha na nje iliyozidiwa mzigo. Na watafiti walipopima umri wa tabaka za udongo, walikuta mmomonyoko wa vilima vile ni wa kale, wa maelfu ya miaka.

Sisemi mifugo haikuchangia. Nasema eneo lilikuwa moja, na eneo moja haliwezi kututenganishia ng'ombe, mvua na makinga maji.

Kosa hili la kutegemea eneo moja hujificha ndani ya wingi wa vipimo. Zungushia miiba kipande kimoja pale Manyoni, laza fremu ya mbao ya mita moja mara mia, hesabu kila shina la nyasi: daftari litajaa, lakini uzio ni ule ule mmoja, na huenda mahali pale palikuwa na rutuba tangu mwanzo. Mwaka 1984 Mmarekani Stuart Hurlbert alichunguza majaribio 176 ya ikolojia. Kati ya yale yaliyotumia vipimo vya takwimu, karibu nusu yalikuwa na kosa hili. Na waliokosea ni wasomi.

Kule Mpala, Laikipia, nchini Kenya, kosa hilo limeepukwa: jaribio lililoanza 1995 lina vipande 18 vya hekta 4, kila aina ya uzio ikirudiwa mara tatu. Sisi tuanze na jozi chache za vipande zilizo mbalimbali, tupige kura kipi kizungushiwe, tupime vyote kabla ya kufunga. Na tumuulize mfugaji ng'ombe wake watakwenda kulisha wapi, jibu lake tuliandike katika daftari lile lile la nyasi.