Baba Mlimaji: Tukumbuke Maisha ya Junius Groves



Siku hizi tunapoleta mavuno mbele ya Bwana, tunataka kuwakumbusha maisha ya mlimaji mmoja. Hakuwa nabii wala mchungaji mwenye jina kubwa, na nchi yake ni mbali na yetu. Lakini damu yake ilitoka Afrika, na kile alichofanya kwa mikono yake kinatuhusu sana sisi tunaoanza kuona haya kushika jembe.

Jina lake Junius Groves. Alizaliwa mwaka 1859 katika jimbo la Kentucky, Marekani, naye alizaliwa mtumwa. Mjue kwamba tangazo la uhuru la Rais Lincoln, la mwaka 1863, halikuwagusa watumwa wa Kentucky, kwa kuwa jimbo hilo halikuwa limeasi. Wao walingoja mpaka mwisho wa 1865, wakati sheria ya nchi nzima ilipokomesha utumwa. Mtoto huyo alikuwa na miaka 6.

Walipata uhuru, lakini ardhi hawakupata. Baada ya 1877, askari wa serikali walipoacha kuwalinda watu weusi wa Kusini, mateso yalizidi. Mwaka 1879 maelfu walifunga mizigo wakaelekea Kansas, kwenye tambarare kubwa za nyasi, kwa sababu walisikia kwamba huko mtu mweusi aweza kuwa na shamba lake. Watu wakawaita Exodusters, jina lililotolewa katika kitabu cha Kutoka. Groves alikuwa kijana wa miaka 20 kati yao. Alifika Kansas akiwa na senti 90 mfukoni.

Hapo mana haikuanguka. Alipata kazi kwa mlimaji mmoja kwa senti 40 kwa siku, na kwa bidii yake mshahara ukapanda mpaka senti 75. Bwana wa shamba, alipoona kazi yake, akampa eka 9, ndiyo karibu hekta 3 na nusu, alime kwa kugawana mavuno. Farasi, mbegu na vyombo vilikuwa vya mwenye shamba. Mwaka 1880 alioa Mama Matilda Stewart. Wakapanda eka 3 za viazi ulaya, eka 3 za viazi vitamu, na eka 3 za matikiti. Mavuno yalipokwisha kuuzwa, walibaki na dola 125.

Vijana, tusimame kidogo hapa. Dola 125 za kwanza katika maisha yenu mngefanya nini? Tunawaona wengine wakirudi kutoka machimbo ya dhahabu na kobalti. Wiki ya kwanza ni viatu na simu, wiki ya pili ni pombe, wiki ya tatu wanakuja kwetu kuomba sala ya kufunguliwa mlango wa mali. Papa Groves na Mama Matilda walinunua ng'ombe wa maziwa, wakatoa malipo ya kwanza ya farasi wawili. Walikuwa wakilala katika kibanda cha chumba kimoja.

Na tumseme Mama Matilda, maana watu husifu baba na kusahau aliyekuwa akipanda mstari wa pili. Alifanya kazi shambani pamoja na mume wake, na akiba ilikuwa ya wote wawili. Mwaka wa pili walikodi eka 20, wa tatu eka 66. Mwaka 1884, wakiwa na akiba ya dola 2,200, walinunua eka 80 karibu na Edwardsville, katika bonde la mto Kaw, kwa dola 3,600. Deni lililobaki walilipa kwa viazi.

Someni Mwanzo 26. Isaka alipanda mbegu katika nchi ya kigeni, wakati wa njaa, na Bwana akambariki kwa mavuno mengi. Wengi wetu tunapenda kuhubiri baraka, lakini tunapita haraka juu ya neno kwamba kwanza alipanda. Hata visima, wenye wivu walipovifukia, watumishi wake walichimba tena.

Shamba la Groves lilikua mpaka mamia ya eka. Watu wakamwita mfalme wa viazi, na Booker T. Washington, yule mwalimu mkubwa wa watu weusi, aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1907. Kampuni ya reli ya Union Pacific ilitengeneza njia ndogo ya reli mpaka shambani kwake ili kubeba mizigo. Alijenga nyumba ya vyumba 22. Sisi hatuhubiri vyumba 22! Lakini alikuwa na watoto 12, na watoto 12 wanahitaji mahali pa kulala.

Kinachotugusa zaidi ni jambo la mwaka 1913. Groves alitenga sehemu ya ardhi yake, akaikata viwanja vidogo, akawauzia familia za watu weusi ili nao wawe na mahali pao. Pakaitwa Groves Center. Yeye aliyefika na senti 90 hakuufunga mlango nyuma yake. Kwetu tunajua wababa wanaouza shamba la ukoo kwa siri, bila kuuliza mama wala watoto, na pesa inakwisha kabla ya msimu wa mvua. Watoto wakikua wanauliza: tulime wapi? Baba wa namna hiyo atajibu nini?

Junius Groves alikufa mwaka 1925, akiwa na miaka 66, katika Kansas alikofika kijana.

Sasa wababa wenye ardhi wasimame mbele, pamoja na wake zao na watoto wao. Tutawaombea wao, na mbegu walizozileta.