Neno la Aliye Mbali

Kuna swali nililolibeba kwa muda mrefu, na kwa kuwa umri wangu umekwisha kuvuka miaka sabini, naona heri niliweke karatasini kabla halijanizidi uzito. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeihama nyumba yake, je, bado ana neno katika mambo ya nyumba hiyo? Na kama analo, analipata wapi? Katika fedha anazotuma, katika damu yake, au katika jambo jingine?

Chuoni tulikofundishwa ualimu, wakufunzi wetu walituasa kwamba swali gumu lianze na mfano ulio karibu na mwanafunzi. Nami nitaanza hivyo. Mifano yangu ni wazee wawili. Mmoja ni Mmarekani anayeishi kwetu Old Moshi. Wa pili ni mtu wa Old Moshi anayeishi Marekani, naye ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mmarekani huyo alikuwa mwalimu katika jimbo la Ohio. Alipostaafu alikuja na mkewe kuupanda Mlima Kilimanjaro, wakaipenda hali ya hewa ya huku kuliko kilele chenyewe, na mwaka 2010 wakarudi kukaa. Mkewe amekwisha kufariki. Yeye amebaki katika nyumba ya kupanga kando ya barabara ya kwenda Kidia, na watoto wa jirani humwita Babu. Kwa kuwa sote wawili ni walimu wastaafu, Jumamosi nyingi hutukuta barazani kwake au kwangu, yeye na chai yake, mimi na mbege yangu.

Watu wengi huku hudhani kwamba mstaafu wa Kizungu ni mfuko usio na mwisho. Wana sababu. Shilingi yetu ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi saba na senti chache. Mwaka 2024 dola hiyo hiyo ilipita shilingi 2,500. Mtu anayepokea dola na kununua ndizi kwa shilingi hana haja ya kulalamika bei ya ndizi. Lakini nilipozoeana naye niligundua kwamba kamba iliyomfunga kwao ni ndefu tu, haijakatika. Kila mwaka lazima apeleke hesabu za kodi kwao, kwa sababu Marekani humtoza raia wake kodi popote alipo duniani. Nchi zifanyazo hivyo ni chache mno. Hapa Afrika, Eritrea nayo hudai asilimia 2 ya kipato cha wananchi wake walio nje. Akaunti zake za benki za nje zikifikia jumla ya zaidi ya dola 10,000, hata kwa siku moja, lazima azitolee taarifa. Bima ya afya ya wazee wa kwao, Medicare, kwa kawaida haimlipii matibabu nje ya nchi, kwa hiyo akiugua hospitali ya KCMC analipa kutoka mfukoni. Na mara kwa mara huletewa fomu inayouliza kama bado yu hai. Asipoirudisha, mafao yake ya Social Security husimamishwa. Siku aliponionyesha fomu ile tulicheka sana, maana sisi nasi huitwa kwenye uhakiki, tukajipange foleni na vitambulisho kuthibitisha kwamba hatujafa.

Oktoba mwaka 2024 nilimkuta akijaza karatasi ya kura. Sheria ya kwao ya mwaka 1986 inamruhusu raia aliye nje kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, akihesabiwa katika jimbo alikoishi mara ya mwisho. Nilimtania nikamwambia, "Mwalimu, umekaa hapa miaka kumi na minne. Hujui tena bei ya mkate Ohio. Kwa nini unawachagulia watu viongozi?"

Hakucheka. Akasema, "Kwa sababu wao nao wananichagulia mimi."

Akanieleza. Walimu wengi wa Ohio wana mfuko wao wa pensheni, nje ya Social Security. Lakini yeye alikuwa amefanya kazi nyingine pia, kiwandani na dukani, na huko alikatwa michango ya Social Security. Tangu sheria ya mwaka 1983, mtu wa namna hiyo alipunguziwa mafao kwa sababu tu ana pensheni ya ualimu. Alichukua miaka kuyazoea maumivu hayo. Basi, alisema, huko Washington kuna watu wanaoweza kuniongezea au kunipunguzia chakula changu cha Old Moshi, nami ninyamaze?

Nilirudi nyumbani nikiwa sina jibu. Na kusema kweli neno lake lilinichoma, kwa sababu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu aliondoka miaka ya 1980 kwenda kusoma, akapata kazi, akaoa, na hatimaye akachukua uraia wa Marekani. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima achukuaye uraia wa nchi nyingine kwa hiari huacha kuwa Mtanzania. Wakenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliruhusu uraia pacha, na mwaka 2013 Wakenya waliokuwa nchi jirani walimpigia kura rais wao. Sisi hatujafika huko. Mwaka 2025 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya sheria ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, lakini hadhi hiyo si uraia na haina kura. Hivyo jirani yangu, asiye na hata mti wa kahawa hapa, ana kura kwao. Na mdogo wangu, ambaye ameezeka nusu ya nyumba za ukoo wetu na kumuuguza mama yetu hadi siku ya mwisho, hapa kwetu ni mgeni kisheria.

Mwezi wa Desemba mwaka 2022, wakati wa Krismasi ambapo sisi Wachagga hurudi nyumbani kutoka kila pembe, tulifanya kikao cha ukoo. Dada yetu alikuwa na deni kubwa la matibabu, na lilitolewa wazo la kuuza kipande cha chini cha kihamba. Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba kihamba si shamba tu. Ndimo walimozikwa baba na babu, ndimo migomba na kahawa vilimo, na ndimo mtu hutegemea kulala mwisho wake. Kukiuza ni jambo zito. Lakini deni nalo lilikuwa zito, nami nikiwa mkubwa niliunga mkono.

Mdogo wangu alikuwa kwenye simu, imewekwa mezani ili wote wasikie. Akasema, "Kaka, na mfongo je? Pale ndipo mfongo unapopita. Wale wa chini watapata wapi maji?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mnunuzi, na nilimwona mdogo wangu kama mtu anayetuamulia mambo akiwa kwenye kiti cha starehe. Nikamjibu mbele ya watoto na wajukuu: "Aliyehama hana neno. Hata sheria haikutambui. Wewe tuma fedha, maneno tuachie sisi tuliobaki."

Palikuwa kimya. Kisha akasema, "Nimesikia, Kaka," na simu ikakatika.

Tuliuza, tukalipa deni. Mnunuzi akajenga ukuta, na ukuta ukafukia mfongo. Mifongo hii ilichimbwa na mababu zetu kuleta maji kutoka mitoni hadi vihambani, na kwa mila ya kwetu maji yake ni ya wote walio njiani mwake. Nyumba sita za chini yetu zilikauka bustani. Mimi niliyekaa hapa maisha yangu yote, niliyeruka mfongo ule kila asubuhi nikienda shule, sikuufikiria. Aliyeufikiria ni yule aliyekuwa mbali kwa karibu miaka arobaini. Na fedha zake hazikukoma. Zilifika kila mwezi tarehe ile ile. Kilichokoma ni simu. Nilikuwa nimemwambia atume fedha bila maneno, naye alinitii.

Sasa tulipime jambo hili kama walimu.

Tukisema kwamba neno hutokana na fedha, tunakosea pande mbili. Mdogo wangu alitoa kuliko sisi sote, nami nikamnyima neno. Na kama ningempa kwa sababu ya fedha zake, dada yetu asiye na kitu angekaa kimya katika kikao cha kumhusu mwenyewe. Kwa kipimo hicho maskini hawana nchi. Babu zetu walilipa kodi ya nyumba kwa Wajerumani bila kuulizwa lolote, hivyo tunajua kwamba kulipa na kusikilizwa ni mambo mawili. Dhuluma ile haiponywi kwa kuweka nyingine, ya asiyelipa asisikilizwe.

Tukisema neno hutokana na kukaa, mfongo wangu unatukanusha. Nilikaa, na sikuona. Kukaa humpa mtu nafasi ya kuona, lakini macho hayatoki katika udongo.

Basi tuseme, kama jirani yangu, kwamba neno ni la yule ambaye uamuzi utamfikia. Jibu hili nililipenda kuliko yote. Lakini mwaka 2025 ulinionyesha kwamba nalo halitoshi.

Tarehe 5 Januari mwaka huo, rais wa Marekani aliyekuwa akimaliza muda wake alitia saini sheria ya kufuta ile ya 1983 iliyowapunguzia walimu mafao, na malipo yakahesabiwa tangu Januari 2024. Tarehe 20 ya mwezi huo huo, rais aliyeingia alitoa amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Mwezi Machi jirani yangu alipata malimbikizo yake, akaja kwangu na nyama ya mbuzi ili tushangilie. Alimkuta kwangu binti wa shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika mradi wa kuwafuatilia wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Mradi ulitegemea fedha za Marekani. Alikuwa amepewa barua ya kusimamishwa kazi, na hofu yake haikuwa juu ya mshahara tu. Aliwataja wagonjwa mmoja mmoja, akiuliza nani atawafuata sasa.

Mzee yule alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilipokuwa najaza ile karatasi, niliuliza swali moja tu: nani hatagusa pensheni yangu. Sikumfikiria huyu binti."

Sikumwuliza alimpigia nani kura, wala si kazi yangu. Lakini maneno yake yalinikumbusha mfongo. Kama neno ni la kila anayefikiwa na uamuzi, basi wagonjwa wa binti yule walistahili kura Ohio, na nyumba sita za chini zilistahili viti katika kikao chetu. Jambo hilo haliwezekani. Hakuna kikao kinachoweza kuwakalisha wote watakaonyeshewa na mvua yake. Daima watakuwapo wa chini ambao hawakuitwa.

Kwa hiyo nimefikia kuamini kwamba neno si mali ya mtu, kama kuku au shamba, hata tugombane nani kalilipia. Neno ni amana. Aliyeitwa kikaoni amewekewa kitu cha wengine mkononi, na swali la kwanza kumwuliza ni hili: unamsemea nani asiyekuwapo? Aliye mbali anaweza kuitunza amana hiyo, na aliye karibu anaweza kuila. Mdogo wangu aliitunza kwa kuuliza habari za wale wa chini, ingawa yeye hakuwa na faida hata ya ndoo moja. Mimi, mkubwa wa nyumba, nilikwenda kikaoni na bei mfukoni.

Sisemi kwamba walio nje wasemapo tuitikie tu. Wako wanaoongea juu ya nyumbani kama walivyopaacha, wakidhani migomba ilisimama kuwangoja. Hao nao waulizwe swali lile lile. Wala sisemi kwamba mstaafu asiitazame pensheni yake. Mimi mwenyewe huitazama yangu, na tarehe ikipita sina usingizi. Nasema tu kwamba baada ya kuutazama mfuko wake, mtu ainue macho aangalie chini ya mteremko.

Pasaka iliyofuata nilimpigia simu mdogo wangu. Si kawaida ya mkubwa kuomba radhi kwa mdogo, na maneno yalikuwa mazito kutoka. Nilimwambia kwamba alikuwa na neno, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeupoteza wajibu wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, maji yanafika chini?"

Nikamwambia ukweli: bado. Mnunuzi amekubali bomba lipite chini ya ukuta, lakini gharama ni yetu, na nyumba mbili kati ya sita zimekwisha kukata tamaa na bustani zao. Akataka kujua bomba la ukubwa gani. Tulizungumza habari za bomba hilo kwa muda wa saa nzima.