Mchagua Jembe si Mkulima?

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii twaijua tangu utoto, nasi hupenda kuitumia tukimkemea mtu mvivu. Lakini mwezi huu twataka kuuliza: je, neno hili ni kweli daima? Na tena, je, ni kweli likitoka katika kila kinywa? Tulilazimika kuuliza hivyo kwa ajili ya jambo dogo lililotupata kando ya Ziwa Viktoria, penye mawe makubwa ya Mwanza. Nalo ni jambo la fimbo ya kuvulia samaki na gurudumu lake.

Wasomaji wengi wamezoea nyavu, au mshipi wa mkononi. Basi kwanza tukieleze chombo chenyewe. Fimbo ya kuvulia ni ufito mrefu mwembamba wenye kupindika. Zamani ulikuwa wa mwanzi. Siku hizi hufanywa kwa nyuzi za kioo au za kaboni zilizogandamanishwa pamoja. Juu ya ufito zimefungwa pete, na mshipi hupita ndani yake. Karibu na mpini hufungwa gurudumu dogo la kukunjia mshipi. Mvuvi hutupa chambo mbali, kisha huzungusha mkono wa gurudumu, na mshipi hurudi kwake.

Magurudumu haya si ya namna moja. Katika namna ya zamani, bobini yenye mshipi huzunguka yenyewe wakati wa kutupa. Ikizunguka upesi kuliko mshipi unavyotoka, mshipi hufungamana kama kiota cha ndege. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Alfred Holden Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa gurudumu la namna nyingine. Bobini yake haizunguki wakati wa kutupa. Mshipi hujivua wenyewe kutoka kichwani mwake, kama uzi uvuliwavyo katika mashine za kusokotea. Hata chambo chepesi huweza kuuvuta mshipi huo na kwenda mbali.

Lakini kila faida ina masharti yake. Mshipi ukijivua hivyo hutoka kwa mapindi mapana. Kwa hiyo pete ya kwanza ya fimbo, iliyo karibu na gurudumu, yapasa kuwa pana, na zile zifuatazo zipungue kidogo kidogo hata ncha. Ukilifunga gurudumu la namna hii katika fimbo yenye pete nyembamba tupu, mapindi hugonga pete, mshipi husuguana, na chambo huanguka karibu. Kadhalika mshipi mnene hauvutwi na chambo chepesi, na gurudumu zito huichosha mikono ya mwenye fimbo nyepesi. Basi mtu hawezi kusema, "Fimbo hii ni nzuri," akanyamaza. Ni nzuri pamoja na gurudumu gani? Kwa mshipi gani? Kwa samaki yupi? Jembe jipya katika mpini uliooza halilimi, wala mpini mzuri pasipo jembe haulimi.

Sisi tulijifunza hayo kwa hasara. Fimbo yetu ya kwanza tuliinunua kwa kuwa iling'aa. Ya pili tuliinunua kwa kuwa jirani alikuwa na ya namna ile, nasi hatukutaka kupungukiwa mbele yake. Gurudumu kubwa la baharini tulilinunua kwa kuwa liliuzwa rahisi. Baada ya miaka kadhaa ndipo tulipopata jozi ituridhishayo: fimbo ya futi 7, laini kwenye ncha na yenye nguvu kwenye shina, na gurudumu dogo lisilo na mapambo. Ukiiweka juu ya kidole, mbele kidogo ya gurudumu, hukaa sawa kama mizani. Ukiitupa, haidai nguvu zako. Jioni mkono hauumi. Tukaipenda, nasi hatuoni aibu kukiri hivyo, kwa maana kupenda chombo kilichokutumikia vema si upuzi. Ni namna ya kuikumbuka kazi.

Asubuhi moja, mjukuu wa jirani yetu, kijana wa miaka kumi na miwili, alitufuata mawe yalipo. Alituamkia, "Shikamoo, babu," tukamwitikia. Akatazama fimbo yetu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Babu, naomba nijaribu hiyo."

Tuliogopa. Mawe ya pale ni makali, na mikono ya mtoto haina uzoefu. Tukamwambia, "Mjukuu wangu, ipo nyingine." Tukamletea ile fimbo ya kung'aa, fupi, yenye pete nyembamba, nasi tulikuwa tumeifunga lile gurudumu la baharini lenye mshipi mnene, ili vitu visikae bure. Alipoitazama kwa mashaka tulicheka, tukamwambia, "Mchagua jembe si mkulima."

Alitupa tangu alfajiri hata jua lilipokuwa kali. Chambo chake kilianguka hatua chache mbele yake. Mshipi ulimfungamania, akaufungua, ukafungamana tena. Sisi tulipata sangara wadogo watatu. Yeye hakupata hata mmoja. Aliporudisha fimbo alisema kwa upole, "Babu, mimi sina mkono wa uvuvi," akaenda zake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Hapo ndipo methali ilipoanza kutuchoma. Je, tulisema uongo? Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Lakini tuliyatamka hali jembe zuri likiwa mkononi mwetu, tukampa mwingine jembe bovu. Neno la wahenga lilikuwa pazia la choyo chetu. Na kilichotusumbua zaidi si kwamba mtoto alikosa samaki. Samaki hukosekana kila siku. Bali ni kwamba aliamini ya kuwa ubovu wa chombo ni ubovu wa mkono wake, nasi tulijua vingine, tukanyamaza.

Labda msomaji atatupinga, aseme: "Mbona watoto wa ziwani huvua sato kwa ubua, kipande cha mshipi na ndoana, bila gurudumu lolote?" Ni kweli, nasi twawastaajabia. Lakini tazameni vizuri. Ubua ule ni mwepesi, mshipi wake ni mfupi, chambo ni nyungunyungu, na sato yuko karibu na ukingo. Kila sehemu yapatana na mwenzake, na vyote vyapatana na kazi. Chombo cha maskini kilicholingana ni chombo kizuri. Tulichompa kijana yule hakikuwa chombo cha maskini; kilikuwa mabaki ya tamaa zetu yaliyofungwa pamoja. Tena kilikuwa na thamani kubwa kuliko ubua mara nyingi, lakini hakikufaa kitu.

Basi twaona kwamba kuna kuchagua kwa namna mbili. Kuna kuchagua kunakotangulia kazi na kuichelewesha: mtu azunguka madukani, alinganisha rangi na majina, na mwaka wapita hajalowa miguu. Huyo wahenga walimkemea kwa haki. Sisi nasi tulikuwa wa namna hiyo. Lakini kuna kuchagua kunakozaliwa na kazi yenyewe. Mtu ametupa mshipi mara elfu, amejua upepo wa ziwa lake na uzito wa mkono wake, kisha asema, "Hii ndiyo inayonifaa." Huyo hakuiacha kazi ili achague, kazi ndiyo iliyomfundisha. Mkulima wa kweli naye analo jembe lake alipendalo, na ukimchanganyia na mengine gizani atalitambua kwa mkono.

Kwa hiyo methali ni njema mtu akijiambia mwenyewe. Ajikemee asitafute visingizio. Lakini mwenye chombo kizuri asimwambie asiye nacho. Jambo hili si la wavuvi tu. Fundi ampaye mwanafunzi wake msumeno butu, kisha amcheke kwa kupinda mbao. Mwalimu ampaye kijana darasa lenye watoto wengi na kitabu kimoja, kisha aandike kwamba kijana hana kipawa. Mama ampaye binti kisu kisichokata, kisha amlaumu kwa uvivu: wote wamesimama nasi juu ya mawe yale.

Siku ya tatu tulikwenda nyumbani kwa kijana. Tukamwambia mbele ya babu yake kwamba kosa lilikuwa letu na la fimbo tuliyompa, tukamweka mikononi jozi ile tuipendayo. Tukarudi naye ziwani. Twakiri ya kuwa kila alipotupa, moyo wetu uliruka. Kabla ya saa nne aliigonga fimbo kwenye jiwe, pete ya ncha ikapasuka. Alitutazama kwa hofu. Tukamwambia, "Endelea, mshipi bado wapita." Baadaye kidogo alipata sangara mmoja, mdogo kuliko wote tuliowapata mwezi ule, akamshika kwa mikono miwili.

Pete tumeibadili kwa nyingine isiyofanana na zile za zamani, na alama yaonekana. Mtu akituuliza leo, katika fimbo zetu zote, ni ipi tuipendayo, twamwonyesha hiyo. Na akitaka kuijaribu, twajitahidi tusichelewe kumpa.