"Mtoto Wetu Hana Mtu"



Huku Shauri Moyo kijana akimaliza masomo haulizwi anajua kufanya nini, bali anamjua nani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 232, inataka watumishi wa umma waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa sifa zao. Hata hivyo, Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti bandia zaidi ya 2,000 vilikuwa vimegunduliwa. Basi tusijidanganye: mara nyingi sura na kujuana hushinda bidii.

Jambo hili huingia hadi chumbani. Fikirini mume fundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji, na mke muuza mitumba Gikomba. Kijana wao amefaulu vizuri, lakini mtu fulani anadai pesa ili "amsaidie" kupata kazi. Mume asema, "Mama watoto, toa akiba ya chama. Mtoto wetu hana mtu." Mke akataa. Mume amwambia kwamba hampendi mtoto. Wiki mbili wanalala wamepeana mgongo.

Ndugu zangu, hofu ya baba huyo ni ya kweli, wala mke asiicheke. Lakini nafasi inayonunuliwa ni haki ya mtoto wa mwingine, na huenda mzazi wake hana hata hicho chama. Huo ni wizi, nayo Amri ya Saba inaukataza. Tena kijana atakuwa amefundishwa na wazazi wake mwenyewe kwamba jasho lake ni bure.

Baba huyo aikumbuke kazi yake. Rangi inaweza kumpendeza mnunuzi siku moja tu. Sanduku likifika bwenini, bawaba ndizo zitakazotoa ushahidi.

Samweli alipofika kwa Yese, alivutiwa na umbo la Eliabu. Mungu alimchagua Daudi, aliyekuwa machungani, ambaye hata baba yake hakumwita (1 Sam 16:6-13). Oneni basi: hata mzazi aweza kumsahau aliye bora nyumbani mwake.

Nasi je? Mke akimpima mume kwa gari la jirani, au mume akimsifu mke kwa mavazi tu, asione kwamba aliamka alfajiri kutafuta riziki, tofauti yetu na wakubwa wa ofisini ni ipi? Watoto hujifunza upendeleo mezani kwetu kabla ya kuukuta mjini.

Leo jioni, zimeni redio, mkaulizane:

1. Ni wema gani wa mwenzangu ambao sijawahi kuusifu?
2. Tukiombwa hongo kwa ajili ya mtoto wetu, tutajibu nini kwa sauti moja?
3. Mtoto akinyimwa nafasi kwa haki yake, tutasimama naye namna gani?

Kisha salini pamoja, mtoto akiwepo. Anaye mtu: ni ninyi wawili.