Karani wa Mahkama: Je, Ana Sehemu katika Hukumu?

  

Enyi ndugu zangu, alinijia baada ya sala ya Isha kijana mmoja niliyemsomesha chuoni tangu alifu mpaka akakhitimu, naye sasa ni karani wa daraja ya chini katika mahkama moja ya kadhi hapa pwani. Kazi yake ni kupokea madai, kuwaandikia wasiojua kuandika, kutia tarehe katika daftari, kuita majina mlangoni, na kupeleka mafaili mezani kwa kadhi. Aliubusu mkono wangu, akakaa, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, mimi simhukumu mtu, wala simwombi mtu kitu. Watu wenyewe hunipa, huyu shilingi mia mbili, huyu mia tano, ati ni ya chai, na wengine hunipelekea kwa simu, ili faili lao litangulie. Kadhi hajui, na hukumu yake haigeuki kwa chai yangu. Je, nina dhambi?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia arudi Ijumaa. Wala si kwamba mas'ala yenyewe ni magumu. Ni kwa jambo langu mwenyewe, nami nitalitaja mbele.

Jueni kwanza ya kuwa kazi hii si duni katika sheria yetu kama watu waidhaniavyo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qurani, yahusu kuandikiana deni, na humo Mwenyezi Mungu amemtaja mwandishi: amemwamuru kuandika kwa uadilifu, amemkataza kukataa kuandika hali amefundishwa, na mwishowe limekuja neno ambalo wafasiri wamelisoma kwa njia mbili, kuwa mwandishi asidhuriwe, au kuwa mwandishi asidhuru. Na Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu tusomacho misikitini mwetu, amemwekea karani wa kadhi masharti: awe Mwislamu, awe mwadilifu, awe ajua kuandika mahdhari na sijilli, kisha akapendelea awe na fiqhi na akili nyingi na khati nzuri. Mahdhari ni maandishi ya yale yaliyopita baina ya wagombanao, na sijilli ni yale yenye hukumu ndani yake. Na kwa asili hiyo twasema masijala. Tazameni basi: uadilifu umewekwa katika sharti, na khati nzuri imewekwa mwisho katika yapendezayo. Sisi leo swali letu la kwanza kwa kijana ni kama ajua kompyuta.

Sasa turudi kwa neno lake, "mimi simhukumu mtu." Kadhi hakuwapo nyumbani kwa watu siku ya ugomvi. Hajui illa aliyoyasikia na aliyoandikiwa. Mwanamke amekuja kueleza ya kuwa mumewe alimwambia, "nitakuacha," naye karani, kwa haraka au kwa usingizi wa mchana, akaandika "nimekuacha." Ni silabi moja. Lakini la kwanza ni ahadi ya jambo lijalo, wala talaka haipiti kwa ahadi. Na la pili ni talaka yenyewe, haiulizwi nia. Au mume alisema, "nenda kwenu." Hilo katika madhehebu yetu ni kinaya, nalo halina hukumu mpaka mume aulizwe alikusudia nini. Karani apendaye maneno mafupi akaandika kuwa "amemwacha," na kwa neno lake hilo amelifunga swali ambalo kadhi alikuwa wajibu wake kuliuliza. Je, huyu hakuhukumu?

Na katika mirathi jambo ni wazi zaidi, kwani huko kuna hesabu. Mtu amekufa, ameacha mke, na binti wawili, na ndugu mmoja wa kiume kwa baba na mama. Mali hugawanywa mafungu 24: mke apata thumni, nayo ni mafungu 3, binti wawili wapata thuluthi mbili, nazo ni 16, kila mmoja 8, na ndugu apata yaliyobaki, nayo ni 5. Sasa binti mmoja ameolewa mbali, na jina lake limeachwa katika karatasi ya warithi. Mke yu vilevile na 3 zake. Binti aliyeandikwa apata nusu, nayo ni 12. Ndugu apata 9. Kila mmoja wa wawili hawa ameongezewa mafungu 4, na yote 8 yametoka kwa yule asiyeandikwa. Kadhi amehukumu kwa haki kabisa, kwa mujibu wa karatasi iliyo mbele yake, na dhulma imepita chini ya mkono wake asiione.

Haya kijana wangu aliyakubali bila ya ubishi, akasema kuwa yeye huandika kama asikiavyo, wala hajapata kugeuza neno wala kuacha jina. Namsadiki. Shauri lake lilikuwa ni la zamu tu: nani atangulie na nani angoje.

Watu wengi wadhani kuwa zamu ni adabu ya mlangoni, kama kupishana njiani. Sivyo. Wanavyuoni wetu wameiweka katika mlango wa kadhi na wakaihukumia. Katika hiyo Minhaji imekuja kuwa wagombanao wakisongamana, hutangulizwa aliyetangulia kufika. Na kama hajulikani aliyetangulia, au wamefika pamoja, basi hupigwa kura. Na hutangulizwa wasafiri walio tayari kuondoka, na wanawake, ijapokuwa wamekuja nyuma, maadamu si wengi. Hapana mahali palipotajwa kuwa hutangulizwa mwenye kitu mkononi. Basi zamu ni haki ya mtu kama haki nyinginezo, na mwenye kuipanga ameshika haki za watu. Kadhi ana kalamu ya hukumu, na karani ana ufunguo wa mlango. Na asiyeingia mlangoni hapati hukumu ya haki wala ya batili.

Hata sheria ya nchi yetu yasema hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa mahkama za kadhi mambo ya ndoa na talaka na mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu walioridhia kwenda huko. Na katika kifungu cha 159 imeamuru haki isicheleweshwe. Na sheria ya mwaka 2016 juu ya rushwa haikusamehe kitu kwa kuwa kimeitwa chai.

Ama kuwa yeye haombi bali hupewa, jawabu lake limekwisha tangu zama za Mtume (S.A.W.). Alimtuma mtu mmoja, ajulikanaye kwa Ibnul Lutbiyya, kukusanya zaka, naye aliporejea akagawanya alichokuja nacho: hiki ni chenu, na hiki nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari, akauliza mbona mtu huyo hakukaa nyumbani kwa babake na mamake, akatazama kama zawadi hiyo ingemjia. Naye yule hakuwa ameomba. Na wanavyuoni wakasema juu ya kadhi: mwenye shauri mbele yake hapokewi zawadi yake, wala mtu ambaye hakuwa na ada ya kumpa kabla hajashika kazi. Karani ni mkono wa kadhi, nami sioni njia ya kuuharamishia mwili kitu na kuuhalalishia mkono.

Sasa nitalisema langu. Mwaka 2014, baada ya kufa mama yangu, nilikuwa na shauri la mirathi ya nyumba katika mahkama nyingine, si hii ya kijana wangu. Nilikwenda mara tatu nikarudishwa. Mara ya nne nilimtia karani mkononi noti ya shilingi elfu moja, na kabla ya adhuhuri nikaitwa. Nikajituliza kwa kauli ya wanavyuoni wetu, kuwa mwenye kutoa ili aipate haki yake iliyozuiliwa, dhambi ni ya mpokeaji. Kauli hiyo ni sahihi. Mimi ndiye niliyeitia mahali pasipo pake. Haki yangu ilikuwa kusikilizwa. Haikuwa kusikilizwa kabla ya walionitangulia. Katika benchi palikuwa na mwanamke mwenye mtoto mapajani, aliyekuwapo nilipofika, naye kwa kauli ya Nawawi ningalimpisha hata lau angalikuja nyuma yangu. Nilipotoka alikuwapo vilevile, na mtoto amelala. Niliyoyanunua kwa elfu moja yalikuwa masaa yake, naye hakuyauza. Nami ni mtu ninayesomesha Minhaji.

Ndiyo sababu niliahirisha jawabu mpaka Ijumaa.

Alipokuja nilimweleza yote haya, na la noti pia. Hakustaajabu, nalo hilo liliniuma zaidi kuliko kama angalistaajabu. Kisha akasema kuwa mshahara hautoshi, na hilo sikumkadhibisha. Mtume (S.A.W.) amesema kwa maana yake kuwa tuliyemtumia kazi tukampa riziki yake, achukuacho baada ya hapo ni khiyana; na katika maneno hayo kutoa riziki kumetangulia kukataza. Wanaomwajiri kijana kushika haki za watu kisha wakampa kisichomfikisha mwisho wa mwezi wana jawabu lao mbele ya Mungu, nasi tuwaambie. Lakini deni la serikali kwake halilipwi na yule mwenye mtoto mapajani.

Akaniuliza: "Na nilizokwisha kuchukua, Maalim?" Nikamwambia kuwa mali ya mtu hurudishwa kwa mwenyewe maadamu ajulikana, na asiyejulikana hutolewa katika maslaha ya Waislamu, wala hatarajii thawabu ya sadaka. Akatoa mfukoni daftari dogo. Alikuwa ameandika kila kitu tangu mwezi wa kwanza, jina na tarehe na kiasi, kwa ile khati niliyomfundisha mwenyewe, kwani, alisema, alijua kuwa iko siku atauliza. Tukakaa mpaka Magharibi tukijumlisha.

Yule karani niliyempa elfu moja amekwisha kustaafu, nami najua nyumba yake. Mwanamke wa benchi sikupata kujua jina lake.