Fidia: Hisani au Deni?

Mfanyakazi akikatwa vidole na mashine, je, fidia anayolipwa ni hisani ya mwajiri au ni deni?

Wapo wanaosema kwamba aliijua hatari, akaipokea pamoja na mshahara. Hoja hii ina upungufu. Mshahara hununua saa za kazi, haununui mkono. Tena mwenye njaa akikubali hatari, kukubali kwake si hiari kamili. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini kiwandani mmoja huchumia juani, mwingine akalia kivulini. Anayevuna faida ya hatari hana budi kubeba hasara yake. Ndiyo maana nchini Rwanda mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini.

Sasa tuitazame Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu wilayani Rusizi. Kiwanda cha saruji cha Bugarama, katika wilaya hiyohiyo, kina mwajiri na orodha ya mishahara. Mvuvi wa sambaza mara nyingi hana. Usiku huwasha taa juu ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti. Dhoruba ikimvunja mguu, atamdai nani? Hata hivyo wanaofaidika na hatari yake wapo: mwenye mitumbwi, mchuuzi, nasi walaji.

Kama fidia ni deni, kukosekana kwa mkataba hakulifuti deni hilo. Kunamficha mdaiwa tu. Kwa hiyo haki inadai mfuko unaochangiwa kwa kila kilo ya sambaza inayouzwa.