Akiba ya Alaska na Haki ya Wasiozaliwa

Akiba ya serikali ina swali ambalo wahasibu hawawezi kulimaliza: ni mali ya nani, waliopo au watakaokuja? Alaska hukutana na swali hili kila bajeti inapojadiliwa. Jimbo hilo la Marekani halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi wala kodi ya mauzo ya jimbo zima. Shule, barabara na polisi wake wameendeshwa kwa miongo kadhaa kwa fedha za mafuta, mali ambayo ikishachimbwa hairudi.

Mwaka 1969 mnada wa vitalu vya mafuta vya Prudhoe Bay uliingiza dola milioni 900, na haikupita miaka mingi zikawa zimetumika. Wapiga kura waliojifunza hapo waliweka Mfuko wa Kudumu katika katiba mwaka 1976. Walau asilimia 25 ya mrabaha wa madini huwekezwa humo, na mtaji hauguswi bila wananchi kubadili katiba. Kinacholiwa ni faida. Tangu 1982 sehemu ya faida hiyo hugawiwa wakazi, hata watoto wachanga. Jimbo lilitaka mkazi wa siku nyingi apate zaidi ya mgeni, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ikalikatalia mwaka huohuo.

Mwandishi Thomas Paine alieleza katika kijitabu cha 1797 kwamba ardhi kwa asili ni ya wote, hivyo aliyekosa fungu lake alipwe kama haki, si sadaka. Gawio la Alaska linaafikiana naye, ila linamhusu aliye hai tu. Mwanafalsafa John Rawls, mwaka 1971, alitaka kiwango cha kuweka akiba kipangwe na watu wasiojua wao ni wa kizazi kipi. Sheria ya Alaska ya 2018 inakaribia hapo: kila mwaka hutolewa takriban asilimia 5 ya wastani wa thamani ya Mfuko, basi.

Akiba nyingine, iliyoundwa 1990 kuziba pengo la bajeti, ilifungwa kwa kura za robo tatu ya kila baraza la bunge. Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014, kura zilipatikana mwaka baada ya mwaka, na mabilioni yakatumika. Asiyezaliwa hana mbunge.

Hata ghala la nafaka la Yusufu huko Misri halikumaliza swali hili. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Wamisri, ambao mashamba yao ndiyo yaliyotoa nafaka ile, waliinunua kwa fedha, kisha mifugo, mwisho ardhi yao wenyewe. Akiba isiyotajwa mwenyewe humwangukia mwenye ufunguo.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Alaska iliamua kwamba gawio nalo ligombanie nafasi katika bajeti kama matumizi mengine. La mwaka 2025 lilikuwa dola 1,000, sawa na la kwanza la 1982.